Kikao cha pweza hakiitwi siku za bamvua

Ukitaka wavuvi washiriki kwenye utafiti, tazama mwezi kwanza. Nimechoka na ule ushauri wa "itisha mkutano, toa posho, watu watakuja". Tulipoanza kazi ya kupima pweza wanaovuliwa kwenye kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa, ratiba ilipangwa mjini na mkutano ukawekwa saa nne asubuhi, mwezi ukiwa mpevu. Hizo ni siku za bamvua, bahari hujaa sana na kupwa sana; maji hupwa saa hizohizo, mwamba unabaki wazi, na kila mwanamke anayemjua pweza yuko huko, chuma mkononi. Walikuja mwenyekiti, mtendaji, wanaume wachache wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) na watoto waliofuata soda. Wakubwa wangu wakasema wanawake hawana mwamko. Iliniudhi mno.

Niliomba kikao kirudiwe maji mafu, siku ambazo bahari hupwa kidogo tu na mwamba haubaki wazi. Posho haikuongezwa hata senti, lakini mikeka haikutosha. Bibi mmoja akatuuliza, "Wanangu, mnapima pweza wa nani?" Fomu zetu zilikuwa zinajazwa dikoni tu, wanakoshusha wenye vyombo. Pweza wa kina mama huuzwa njiani kwa wachuuzi, dikoni hafiki. Basi tukahamisha mzani.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kanuni za uvuvi za 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, kwa hiyo wachuuzi waliona mzani wetu ni mtego. Kina mama nao walinung'unika kuwa mzani wa mchuuzi unawapunja. Nikashauriwa niandike barua, aje mtu wa vipimo. Nilikwenda dukani nikanunua pakiti ya sukari ya kilo moja. Nikaitundika kwenye mzani wetu mbele ya watu wote, mshale ukasimama penye kilo. Kisha nikampa mchuuzi aitundike mwenyewe kwenye wake. Mshale ukakomea chini kidogo. Watu kimya. Akatoa kisu, akazungusha skrubu palepale mpaka mizani ikakubaliana. Tangu siku hiyo kazi ilianza kwa sukari, watoto wakigombea kuitundika, na sikusikia tena neno mtego.

Kina mama wakashika kalamu wenyewe. Mimi niliwaonyesha mnyiri, yaani mkono, wa tatu wa kulia wa dume, ambao nchani hauna vile vikombe vya kunatia. Wao wakanionyesha pango la jike linaloatamia, mlango umezibwa kwa vijiwe. Halitoki, halili, na mayai yakishaanguliwa linakufa. Matokeo tuliyaandika ubaoni kila bamvua ilipokwisha, wachuuzi nao wakisoma. Watafiti, msiyafungie kabatini mpaka ripoti itoke.

Ilipokuja hoja ya kufunga mwamba kwa muda, pweza wasivuliwe, kama walivyoanza wenzetu wa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, sisi kwa miezi mitatu, hakuna aliyebisha kuhusu faida. Pweza huishi kama mwaka mmoja na hukua upesi, kila mtu alishaona uzito ubaoni. Ubishi ulikuwa siku ya kufungua. Wapiga mbizi wenye miwani wanaingia maji yoyote. Anayetembea kwa miguu anasubiri bamvua. Wakifungua maji mafu, wanaume watamaliza kabla kina mama hawajakanyaga mwamba. Mtafiti asingelifikiria hilo ofisini. Kina mama walilisimamia mpaka likaingia kwenye muhtasari wa kijiji: mwamba utafunguliwa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, na wa miguu wataanza.