Mvumo wa 1800

Jana pikapu ya dizeli ilipita ikitikisa vioo vya madirisha, na mwanangu akauliza, "Baba, mbona yetu hailii hivyo?" Iliwahi kulia hivyo, kabla hajazaliwa, nilipoibadilishia ekzosi.

Bolti za flenji, bamba la kuungia bomba kwenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa), zililala usiku kucha kwenye mafuta ya kulegeza kutu, na bado moja ilikatika. Chuma kilichopikwa na joto miaka mingi hukatika kabla hakijalegea. Tuliitoboa katikati kwa keekee, ikatoka. Ekzosi ya zamani ikashuka pamoja na mafla yake, kopo la kupunguza sauti, likapanda bomba moja la inchi 3, likinyooka hadi nyuma. Karibu na turbo tuliweka kipande kinachonyumbulika, kwa sababu injini hucheza kwenye raba zake na bomba gumu hupasuka penye weldi. Pembeni tuliacha nafasi, maana bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300 hurefuka takriban sentimita moja.

Ikiwa imesimama, ililia vizuri mno. Turbo yenyewe hupunguza makali ya mlipuko, hivyo kilichobaki kilikuwa mngurumo mzito na mluzi mwembamba juu yake. Niliupenda, na naupenda mpaka leo.

Kisha barabarani, gia ya mwisho, mizunguko 1800 kwa dakika. Ghafla kabini nzima ikawa tumbo la ngoma. Si kelele ya masikioni. Ulikuwa mvumo unaokaa kifuani na nyuma ya macho. Nilifungua dirisha, ukapungua kidogo. Nikakanyaga hadi 2300, ukatoweka kabisa. Nikarudi 1800, huo tena. Nilipanda na kushuka hivyo mara nyingi, mpaka nikaelewa. Injini ya silinda nne hutoa milipuko miwili kila mzunguko, kwa hiyo kwa 1800 ni milipuko 60 kila sekunde, na hewa ya kabini ile ilikuwa ikiitikia sauti hiyohiyo.

Mafla ya kupitisha moja kwa moja, yenye matundu na pamba ndani, ilifuta ukali tu. Pamba hunywa sauti nyembamba, nzito huipita. Kilichofaa ni tawi la bomba lililozibwa mwisho. Sauti huingia, hugonga kizibo, na kurudi kinyume na inayokuja. Urefu wake ni mwendo wa sauti ugawanywe kwa mara nne ya idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani 60 mara nne. Kwa gesi ya moto kiasi, mita 400 kwa sekunde ugawe kwa 240, ni kama mita 1.7. Tulianza na refu zaidi, tukakata vidole viwili viwili, tukijaribu barabarani kila mara.

Mvumo ulikufa. Baadaye, mtoto alipokaribia kuzaliwa, nilirudisha ekzosi ya kiwandani pamoja na mafla yake. Bomba la inchi 3 liko stoo, flenji zake zimepakwa grisi. Mwanangu ameomba kulisikia, nami sijamjibu.