Siku Moja ya Bwana Shamba: Lundo la Kwanza la Mboji

Saa 12:30 asubuhi ninapotoka nyumbani Morogoro, nyua zimekwisha kufagiliwa na moshi wa majani makavu umetanda mtaani. Moshi huo hunisikitisha, kwa kuwa kinachochomwa ndicho hasa kinachopungua katika malundo mengi ya mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza: maganda ya jikoni hayakosekani katika nyumba yoyote, lakini majani makavu hupigwa kiberiti kabla ya chai.

Saa 2:00 nafika Kihonda kwa mama mmoja anayetaka kurutubisha matuta yake ya mchicha. Tunachagua mahali penye kivuli cha mwembe, pasipotuama maji. Na kwa kuwa masika yamekaribia, tunajenga lundo juu ya ardhi badala ya kuchimba shimo, ambalo hufaa zaidi kwenye ukame. Chini tunatandaza mabua ya mahindi ili hewa ipite, kisha majani makavu, maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, samadi ya mbuzi, udongo kidogo na maji, tukirudia hadi kimo cha mita 1, kwani lundo dogo halitunzi joto. Kwa debe 1 la vitu vibichi tunaweka madebe 2 hadi 3 ya vikavu.

“Bwana shamba, halitanuka?”

“Likinuka, mama, ujue maji au mabichi yamezidi. Geuza, uongeze majani makavu.”

Nyama na mafuta havitiwi, maana huita panya. Magugu ya ndago nayo tunayatenga, kwa sababu viazi vidogo vya mizizi yake huchipua upya.

Saa 6:00 mchana ni ripoti za ofisi ya kata, ambazo hazina la kusimulia.

Saa 9:00 alasiri nipo kwa kijana mwenye lundo la wiki 3. Nachomeka fimbo katikati, nasubiri, naichomoa: ni kavu na vuguvugu tu, ilhali lundo zuri hufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Ndani kuna utando mweupe kama majivu, na konzi ninayoikamua haitoi hata tone. Tunaligeuza lote, la nje likaingia ndani, huku tukinyunyizia maji kila tabaka.

Kijana anataka kuitia mboji hiyo kwenye miche ya nyanya wiki ijayo. Namkatalia: mboji isiyoiva hunyang'anya miche naitrojeni, kirutubisho cha ukuaji, ikageuka manjano, hivyo asubiri miezi 2 hadi 3, mpaka iwe nyeusi, yenye kumung'unyika na harufu ya udongo.

Saa 11:00 jioni naondoka, naye anaifunika kwa majani ya mgomba.