Mstari wa 48

Mwishoni mwa mwaka 2023, katika chumba tulichokipanga kiwe ofisi huko Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, mimi na mwenzangu tulikuwa tukitengeneza programu ya kuwatunzia wafanyabiashara wa dagaa kumbukumbu za uzito wa magunia yao. Kando ya kazi hiyo nilijitwika nyingine: chombo kidogo cha mstari wa amri, kilichoandikwa kwa Python, ambacho kingechukua mabadiliko ya msimbo yanayotolewa na amri ya git diff --cached, kiyapeleke kwa modeli ya lugha, yaani akili bandia inayoandika, kupitia intaneti, kisha kituonyeshe kasoro kabla Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, haijayahifadhi. Tulikuwa wawili tu, na kila mmoja alikuwa amechoka kukagua kazi ya mwenziwe usiku.

Nilitaka majibu yaje kwa Kiswahili, jambo lililonigharimu, kwa kuwa modeli hizo huikata lugha yetu vipande vingi kuliko Kiingereza, na malipo huhesabiwa kwa vipande. Jibu la kwanza lilisema, "Kuna mdudu katika mstari wa 48," likitafsiri neno kwa neno "bug" la Kiingereza, yaani kasoro ya msimbo. Usiku ule wadudu wa ziwani walikuwa wametanda kwenye kioo cha kompyuta wakifuata mwanga, nasi tukacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Kicheko kilikatika mwenzangu alipoufungua mstari wa 48 akakuta mtupu. Nilimwambia kwamba amefungua toleo la zamani. Akanigeuzia kompyuta yake: "Kaka, soma mwenyewe." Nilisoma, na bado, naona haya kuliandika hili, nikatafuta namna ya kukitetea chombo changu, hata nikamwuliza kama hakuna kitu alichokifuta bila kujua. Karibu saa nzima ilipita kabla sijayatazama yale niliyokuwa nayapeleka kwa modeli. Git haiweki namba kwenye kila mstari wa mabadiliko. Huweka juu ya kila kipande kichwa, na chetu kilisomeka @@ -31,6 +31,14 @@, yaani katika toleo jipya la faili kipande kinaanzia mstari wa 31 na kina mistari 14, kisha msomaji hujihesabia. Kipande chote kiliishia mstari wa 44. Modeli haikuwa imehesabu chochote. Kazi yake ni kutabiri neno linalofuata, na 48 kwake lilikuwa neno kama maneno mengine. Kasoro yenyewe ilikuwa ya kweli, ya kugawanya kwa sifuri pale mfanyabiashara asipoleta gunia hata moja, lakini ilikaa mstari wa 41. Nikaongeza msimbo wa kuandika namba mbele ya kila mstari kabla ya kuupeleka, na tatizo hilo likaisha.

Nilijiona nimemaliza. Hapo ndipo mwenzangu, ambaye asubuhi nyingi alikuwa akishinda Mwaloni kando ya mizani, alipogundua kwamba uzito wa gunia tupu unakatwa mara mbili: mara ya kwanza katika faili la kupokea uzito, mara ya pili katika faili la kujumlisha. Katika lile la pili akafuta mstari mmoja, akajaribu kuhifadhi. Chombo kikaandika, "Makato ya gunia yameondolewa, jumla itazidi uzito halisi," kikarudisha 1, ishara ya kushindwa, na Git ikakataa. Mimi ndiye niliyekifunga kwenye hati ya pre-commit, ambayo Git huiendesha kabla ya kuhifadhi, ili kila kinapoona kasoro kizuie. Hakikuwa na njia ya kujua kuhusu makato ya kwanza, kwa sababu faili la kupokea uzito halikuguswa, na kisichoguswa hakikupelekwa.

Mwenzangu hakubishana nacho. Aliandika amri yake upya, akaongeza --no-verify, ambayo huiambia Git iuruke ukaguzi ule, akabonyeza, badiliko likapita. Kisha akaniaga.

Nilibaki na wadudu wangu. Kabla ya kuzima taa nilibadilisha namba moja, hati ikawa inarudisha 0, ishara ya ruhusa, siku zote, iseme yake na mtu ahifadhi kazi yake; na juu ya orodha ya majibu, palipoandikwa "Kasoro", nikaandika "Maswali".