Kupanga Malengo kwa Kalenda ya Ziwa

Katika biashara ya dagaa hapa Mwanza kuna kauli utakayoisikia kutoka soko la Mwaloni Kirumba hadi visiwani, kwamba riziki ya ziwani haipangwi. Wanaoitamka huitamka kwa unyenyekevu, nami nimelelewa nayo, lakini kadiri ninavyoendelea kununua na kuuza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hiyo ndiyo fikra ya kwanza ambayo mfanyabiashara mwenye ndoto anapaswa kuigeuza, kabla hata ya kutafuta mtaji.

Wapo wahamasishaji wanaotushauri dawa nyepesi: fumba macho, jione umekwishafika, itamke nyumba au gari kana kwamba funguo zimo mkononi. Picha za majarida zinazobandikwa ukutani sina ugomvi nazo, ingawa nyingi huonyesha majumba ya nchi zisizojua dagaa ni nini. Ugomvi wangu ni na kuishia hapo. Mwaka 1991 wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti uliowafuatilia wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kufaulu walipungua zaidi, lakini wale ambao njozi zao zilikuwa tamu mno, wakijiona tayari wamekonda, walipungua kidogo kuliko wenzao. Oettingen anaeleza kwamba akili iliyokwisha kuonja ushindi huulegeza mwili, na ushauri wake ni kuiweka ndoto ubavuni mwa kizuizi chake na kuvitazama vyote viwili kwa pamoja.

Ndoto yangu ni kutoka katika kuuza kwa sado na kuwa na ghala la kuuzia wanunuzi wa mikoani kwa magunia. Kizuizi chake, nikikitaja bila kujidanganya, si uhaba wa fedha peke yake bali namna fedha zenyewe zinavyokuja. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga, zamani wa karabai na siku hizi wa taa zinazochajiwa kwa umeme wa jua, na taa hizo hufanya kazi vizuri wakati wa giza; mbalamwezi inapokuwa kubwa dagaa hawajikusanyi chini ya taa, mitumbwi mingi hupumzika, mzigo hupungua na bei hupanda. Kwa hiyo mauzo huja kwa mkupuo na kukatika, halafu huja tena. Hiyo ni ratiba, tena inayojulikana kabla ya mwaka kuanza, ila hailingani na ushauri wa kuweka akiba kila wiki, ambao naona ulitungwa kwa ajili ya watu wenye mshahara.

Tangu mwaka 1968 mwanasaikolojia Edwin Locke, na baadaye pamoja na Gary Latham, wameonyesha kwamba lengo mahususi na gumu huleta matokeo bora kuliko agizo la kujitahidi uwezavyo. Naye mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba nia hutekelezeka zaidi inapofungwa kwenye tukio: jambo fulani likitokea, nitafanya hivi. Kwangu tukio hilo ni giza. Mzigo wa kwanza wa giza ukishalipwa, fungu la kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba, linatoka kabla sijanunua mzigo mwingine. Mbalamwezi ikiingia, sikopi ili kuziba pengo, bali nauza nilichohifadhi, maana bei ya wakati huo ndiyo inayolipa.

Lengo la karibu ni vichanja vya wavu vya kuanikia dagaa, vinavyotakiwa viwe vimesimama kabla ya mvua za vuli za Oktoba. Dagaa wanaoanikwa mchangani huchanganyika na mchanga, na mvua ikiwakuta huoza au hushuka hadhi na kuuzwa kwa ajili ya chakula cha kuku, ilhali wa kichanjani hupitiwa na upepo juu na chini, hukauka upesi na hubaki safi. Ghala lenyewe sijalipangia tarehe, kwa sababu nahitaji kwanza kuona, katika msimu mmoja wa mvua, vichanja vitaokoa mzigo kiasi gani na kama faida hiyo inatosha kulipa kodi ya pango hata katika siku za mbalamwezi.