Mtoto wa Siku ya Uhuru

Picha ile ilitoka kwenye sanduku la Bibi, na tangu nipate akili niliikuta ina mwenyewe: Baba. Bibi amesimama mbele ya jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mjini Moshi, kilemba kichwani, amempakata mtoto mchanga. Babu yuko kando yake ndani ya koti lililomzidi mabega. Nyuma ya picha Babu ameandika kwa penseli: "Moshi, Siku ya Uhuru." Basi. Mwaka hakuandika.

Baba alizaliwa Juni 1961, cheti cha ubatizo kinasema hivyo, kwa hiyo hesabu haikumsumbua mtu. Mtoto ni yeye, siku ni 9 Desemba 1961. Kila mwisho wa mwaka, ndugu wa Dar wakishashuka na mabegi yao na kihamba, shamba letu la nyumbani, kimejaa watu, picha ilizungushwa na Baba akasimulia. Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alipopeleka bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro, Baba aliuona moto kule juu, yeye mwenyewe, akiwa mgongoni kwa mama yake. Alikuwa na miezi sita. Alivyosimulia, ungedhani ndiye aliyeshika kiberiti.

Mwaka 2021 alitimiza miaka 60, na Uhuru nao 60. Tukakubaliana sherehe iwe moja, na ile picha ikuzwe, iwekwe kwenye fremu. Kazi nikapewa mimi kwa sababu ndiye niliyebaki Moshi.

Nikaipeleka kwenye duka la stesheneri karibu na stendi. Kijana akaiskani, akaivuta kwenye kompyuta mpaka nyuso za wazee zikajaa kioo. Alikuwa anafuta madoa, mdogo mdogo, ulimi ukiwa umemtoka pembeni ya mdomo. Akafika juu kulia, mahali ambapo siku zote mimi niliona kama pazia limening'inia. Akasimama.

"Dada, hii bendera nayo niifute?"

"Bendera gani?"

Akavuta zaidi. Ilikuwa imejikunja nusu kwenye mlingoti, lakini mstari mweusi ulionekana wazi, umekatiza mshazari kutoka chini kwenda juu. Nilikaa kimya kidogo. Shule ya msingi tulichora bendera zote mbili hadi kalamu za rangi zikaisha: ya Tanganyika mistari yake imelala, kijani, nyeusi, kijani, na vimistari vya dhahabu katikati yake. Ya mshazari ni ya Muungano. Imekuja 1964.

"Usifute," nikamwambia. "Usifute kitu chochote."

Kama ni baada ya 1964, mtoto aliyepakatwa si Baba. Baada ya Baba, Bibi alizaa wawili tu: Baba Mdogo mwaka 1965, na Shangazi, Agosti 1970. Bendera haikuweza kuniamulia kati yao. Ila nyuma ya bega la Babu kulikuwa na gari limeegeshwa, na jirani yetu ni fundi mstaafu aliyezeekea chini ya Land Rover za mashamba ya kahawa. Nikampelekea nakala jioni ileile. Hata hakuitazama mara mbili.

"Mwanangu, hii si ya zamani hivyo. Tazama macho. Za mwanzo taa zilikaa katikati kwenye wavu, karibu karibu, kama bundi. Hii taa zimehamia kwenye madigadi. Hizo zilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 60. Kabla ya hapo huzipati."

Baba Mdogo akawa ametoka. Mtoto alikuwa Shangazi, wa miezi minne, na siku ile ilikuwa 9 Desemba 1970. Mwaka uliofuata angekuwa anatembea. Kumbe Babu hakudanganya mtu. Siku ya Uhuru si inarudi kila mwaka?

Nakiri nilirudi nyumbani nikijiona mpelelezi. Furaha ikaniisha nilipofika kitandani nikakumbuka kwamba kuna mtu wa kuambiwa. Nikampigia Shangazi kwanza. Alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Yaani miaka yote hiyo kaka amejikalia mahali pangu!" Halafu akapoa. "Usimwambie mbele za watu."

Nikaenda kihambani Jumapili. Baba alikuwa barazani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikakaa, nikazungumzia bei ya saruji. Mwishowe nikamtolea ile nakala kubwa na kumwonyesha bendera, kisha gari. Alisikiliza bila kukatiza, na kwa Baba hiyo si dalili nzuri. Akaniomba miwani.

Aliitazama muda mrefu. Nilitarajia atabisha. Badala yake kidole chake kikateleza kikamwacha Bibi, kikampita Babu, kikaenda hadi ukingoni kabisa kushoto, mahali ambapo kwenye picha yenyewe kulikuwa na kivuli tu na kwenye nakala kulikuwa na mtoto wa kiume aliyekatwa nusu. Bega moja, sikio moja, sweta lililofungwa vifungo vikapishana, mguu mmoja umenyanyuliwa kidogo.

"Viatu hivi," akasema, "vilikuwa vya kaka. Vilinibana."

Nikanyamaza.

"Mama aliniita nisogee nipigwe picha na wao, nikakataa. Nilikuwa nalia. Kidole hiki," akavua kandambili akanionyesha kidole gumba cha kulia, "kucha ilitoka kesho yake. Dereva wa hilo gari alinipa ganda la muwa nikatafuna ninyamaze. Ganda! Muwa wenyewe amekula yeye."

Miaka yote ya Nyirenda na mwenge sikuwahi kumsikia akitaja kiatu wala muwa. Aliendelea mpaka jua likazama: walivyoshuka kwa miguu alfajiri, Babu alivyolipia picha kwa kunung'unika, yeye alivyorudi peku viatu vikiwa shingoni. Maharage tuliyamalizia gizani, mawe yakapita nayo, na Mama akatusema wote wawili.

Siku ya sherehe fremu iliwekwa mezani karibu na keki, picha nzima, bila kupunguzwa pembeni. Wajukuu wakamzunguka. Baba akaweka kidole kwenye lile sikio.

"Babu yenu ni huyu. Siku ya Uhuru. Mnaona mguu? Kiatu kilikuwa kinabana."

"Na huyu mtoto?"

"Huyo shangazi yenu. Hajui lolote." Akakohoa. "Basi usiku wake, nikiwa na kidole changu kimevimba, nikatazama mlimani nikauona mwenge."

"Kaka," Shangazi akasema kutoka upande wa vinywaji, "mwaka 70?"

"Niliuona," akasema Baba, akaomba kisu cha keki.