Vidonge vya siku kumi

Nilipoanza kazi ya uuguzi hapa Pemba, niliukariri mwongozo wa matibabu ya kuharisha kama nilivyokariri juzuu ya Amma: maji ya chumvichumvi pamoja na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa pendekezo hilo mwaka 2004, baada ya tafiti kuonesha kwamba zinki hupunguza muda wa kuharisha na huukinga mwili usishambuliwe tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata.

Hata hivyo, mama mmoja wa Micheweni aliporudi na mwanawe, vidonge saba vilikuwa bado vimefungwa katika pindo la kanga. Alinambia kwa upole, "Bibi, choo kilishakauka, nimpe dawa ya nini tena?" Kosa lilikuwa langu (nalikiri bila ya kuzunguka), kwa sababu nilimtajia idadi ya siku bila ya kumweleza kwamba zile za mwisho zinamkinga mtoto na maradhi yajayo.

Siku hizi kidonge cha kwanza mama hukivuruga mwenyewe mbele yangu, kwenye kijiko chenye maziwa yake, kisha ananieleza kwa maneno yake kwa nini ataendelea. Na mama mkwe akiwepo, namwita naye ndani, maana nyumbani mwenye kauli ni yeye.