Nyumba ya magurudumu kwa familia ya watu watano, hapa hapa Goma

Watu wakiona mchoro wangu swali la kwanza ni lile lile: mtaenda nayo wapi? Hatuendi fasi yoyote jamani, tunabaki Goma. Ila parsela tunayokaa siyo yetu, na kila mtu aliyewahi kukodi kiwanja hapa anajua namna mambo yanaendaga: unasimamisha nyumba yako ya mbao juu ya makoro (mawe ya lava), unapiga manjanja (mabati), unatia simenti kidogo mbele ya mlango, kisha siku moja mwenye parsela anapata mnunuzi na anakuambia uvunje. Unavunja. Misumari inapinda, mbao zinapasuka, manjanja yanatoka na matundu, na ukiisimamisha kwingine inakuwa nusu ya ile ya kwanza. Yaani nyumba zetu tunazihamishaga tayari, tunazihamisha vibaya tu. Njo maana nataka magurudumu.

Na niseme hili mapema juu wengi wananiambia, ah vizuri sana, Nyiragongo, volkano yetu ya hapa, ikilipuka mnavuta nyumba mnaenda zenu. Hapana. Hapo tusidanganyane. 22 Mei 2021 ilikuwa jumamosi jioni, lava ikatoka bila onyo, ikashuka mpaka Buhene karibu na uwanja wa ndege. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji kabisa na ikafunika sehemu ya njia ya ndege. Ya 1977 ilikuwa na mbio zaidi. Hakuna mtu wa kufunga nyumba ya tani tatu kwa kamio (lori) usiku, watu wanakimbia kwa miguu na barabara ya Sake imejaa. Usiku huo unashika watoto na karatasi zako muhimu, nyumba unaacha. Magurudumu ni ya siku parsela inauzwa, siyo ya siku mlima unawaka.

Sasa mchoro wenyewe. Picha nyingi za hizi nyumba zinatoka Marekani, kule mtu kama Jay Shafer alijijengea moja mwaka 1999, haifiki hata mita 9 za mraba, na aliiweka juu ya magurudumu kwa sababu sheria za kwao hazikumruhusu kujenga nyumba ndogo hivyo chini. Nzuri sana, lakini ilikuwa ya mtu mmoja. Na picha nyingi ninazoonaga ni za mtu mmoja au wawili, kitanda juu chini ya paa, ngazi nyembamba, mto mweupe. Sisi tuko watano, na mama mkwe akija tuko sita. Kwa hiyo picha nimeziacha, nimeanza na kitu ninachokijua: jioni ya mvua. Mvua ya Goma haina haraka ya kuisha, wote tuko ndani, mdogo ana usingizi na analia, mkubwa anafanya mazoezi ya masomo, wa katikati anataka kucheza, bwana yangu anasikiliza habari kwa redio, mimi niko kwa sufuria. Nyumba ikiweza kubeba jioni hiyo bila watu kukanyagana, siku zingine zote itabeba.

Vipimo ni hivi, upana mita 2.5, urefu mita 7, yaani mita 17.5 za mraba kwa nje, na ukitoa unene wa kuta ndani unabaki na upana wa kama mita 2.3. Ufaransa mwisho wa upana barabarani ni 2.55, Marekani karibu 2.6, kwa hiyo sikutoa hiyo namba hewani. Lakini kwetu kuna kipimo kingine kinachokuja mbele ya sheria, ni portaye, geti la parsela! Pima portaye yako, pima kona ya avenue, na angalia juu pia, waya za umeme kwenye avenue nyingi zinaninginia chini sana. Mi nimesimama kwa mita 4 toka chini mpaka kilele cha paa. Toa remorki (trela inayobeba nyumba) na sakafu na paa, ndani inabaki kama mita 3.2, hapo unaweza kupata orofa ndogo: chini mita 1.9 mtu anapita, juu mita 1.2 mtoto anakaa vizuri bila kugonga kichwa.

Ndiyo, juu nimeweka watoto, siyo sisi. Wakubwa wawili tu. Mtoto chini ya miaka 6 usimlaze juu, hata kama ni mwerevu namna gani, usiku anaamka na usingizi na anasahau yuko wapi. Mdogo analala chini karibu na sisi. Kizuizi cha pembeni kipande juu ya godoro vizuri na nafasi kati ya fito zisipite sentimita 9, maana mwili wa mtoto unaweza kupenya na kichwa kikakwama. Ngazi nimeifanya kama kabati, kila kidato ni droo, moja ya viatu, moja ya uniforme, moja ya daftari. Na huko juu lazima kuwe na dirisha la kutosha mtu mzima kutoka, linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Hilo fundi alitaka kulipunguza ili tuokoe kioo, nikakataa kabisa. Nyumba ya mbao yenye mlango mmoja na watoto juu, hapana.

Chini ni salo, na usiku salo ni chumba chetu. Foté (viti vya sofa) hazina fasi humo. Nimechora benchi mbili za sanduku, ndani yake nguo na mashuka na unga, mchana watu wanakaa, usiku zinaunganishwa zinakuwa kitanda. Meza inakunjwa ukutani. Mkubwa atafanyia mazoezi pale chini ya dirisha la upande wa ziwa, mwanga ni mzuri jioni. Kwa ndani nataka rangi ya maziwa siyo kahawia, na pazia la kitenge kati ya benchi na mlango ili bwana yangu akiamka saa kumi na moja asituamshe wote. Pazia halina uzito na linampa mtu kachumba kake. Kila mtoto nimempa pia kashimo ukutani kenye kifuniko, ka kwake peke yake, hakuna anayefungua cha mwenzake. Minaona hako kashimo ndiko katakuwa na kazi kubwa kushinda vyote, juu mtoto akikosa fasi yake anaanza kugombania ya wenzake.

Kupika ni inje. Hili sitaki mjadala. Mbabula, lile jiko la makala (mkaa), haiingii nyumba ya ukubwa huo hata dakika moja, hata ikiwa baridi, hata kama makala yameshakuwa mekundu na hayatoi moshi, ndiyo hapo inadanganya watu, ile hewa ya sumu haina harufu na watoto walio juu wanaipata. Nimechora ubao mrefu ubavuni unaoinuka unakuwa paa la veranda, chini yake mbabula, pembeni sanduku la chupa ya gazi lenye matundu chini kabisa maana gazi ikivuja inashuka. Kwa hiyo jioni ya mvua niko kwa sufuria chini ya veranda na mlango uko wazi, nawaona.

Na fasi ya kuegesha, watu wa Himbi na Keshero na upande wa Lac Vert mnajua mazuku. Ni gaz karbonike inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inalala kwenye mabonde na mashimo, zaidi usiku na alfajiri upepo ukitulia. Mtu akisema nyumba yetu iko juu ya magurudumu kwa hiyo tuko salama, asiseme. Sakafu kuwa sentimita 70 toka chini si kitu. Tafuta kilima, uliza wazee wa kartie, na ukisikia mbuzi au ndege wanakufaga kwenye hako kabonde, usiegeshe hata kama ni bure.

Uzito sasa, hapa ndio watu wanapotea. Ufaransa remorki za aina hii zinaishia tani 3.5 vyote ndani yake, na mi nimechukua hiyo kama mwisho wangu. Maji lita moja ni kilo moja, bido kumi za lita 20 ni kilo 200, kwa hiyo tanki ya mvua inakaa chini inje, haipandi remorki. Mbao ya libuyu ni nzuri lakini nzito, nitaitumia kwa sakafu na mlango tu. Mikalitusi ni rahisi lakini ikikatwa mbichi inajipinda, iache ikauke kwanza. Mbao zote naunganisha kwa vis (skrubu) na gundi, misumari inalegea barabara ikitikisa, na barabara zetu zinatikisa. Kati ya kila kilo kumi za uzito, moja au moja na nusu ikae kwa kiungio cha mbele, ukirundika vitu nyuma remorki inayumba na inaweza kuvuta kamio. Ndiyo sababu droo za vitu vizito ziko mbele. Ukifika fasi yako unainua nyumba kwa vyuma, mapine yanapumzika, makoro yasiyakate.

Paa ni manjanja, chini yake nafasi ya hewa kisha tripleksi, la sivyo mvua ikinyesha hamsikilizani. Wengine wanajaza musi (sponji) ya godoro katikati. Tafadhali usifanye, inashika moto haraka na moshi wake ni sumu.

Choo, kwa makoro kuchimba shimo ni kazi ya wiki na nyundo, na ukihama unaacha shimo. Yetu ni ya kavu, ndoo yenye kifuniko, mkojo unaenda pembeni, kila mara unamwagia unga wa mbao toka kwa fundi. Kikitengwa hivyo na kikapata bomba la hewa hakinuki. Mama mkwe bado hajakubali, na simlazimishi, parsela ina choo cha kawaida na ataendelea nacho.

Tumeshaanza kuweka pesa kando ya chuma cha remorki, mbao zitafuata. Ninachokosa bado ni fundi wa kusudere (kuchomelea vyuma) aliyeshafanya remorki ya ekseli mbili inayotembea kweli, siyo ya kubeba mchanga mara moja. Kama unamjua mmoja Goma au hata Bukavu, niandikie, nataka nione kazi yake kwa macho kabla sijanunua chuma.